Meza ya Belian ya Mwalimu Lau Siew Ngiik (1953–2023)

Mwalimu Lau Siew Ngiik alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika shamba la mpira la wazazi wake huko Durin, ukingoni mwa mto Rejang, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Lau Hung Tai na marehemu Wong Moi Eng. Alifariki akiwa na umri wa miaka sabini. Tangazo lililotoka gazetini juzi linasema sabini na mitatu, kwa sababu wazee wa ukoo walifuata desturi ya kumwongezea marehemu miaka mitatu: mmoja wa mbingu, mmoja wa ardhi na mmoja wa binadamu. Binti yake, Ting Suok Ing, aliomba katika kijitabu hiki cha ibada ibaki sabini. "Mjomba, Mama akisikia sabini na mitatu atagonga jeneza kwa ndani," alimwambia mjomba wake, Lau Ngie Sing. Mjomba akakubali, maana alimjua dada yake.

Utoto wake ulikuwa wa harufu ya mpira. Baba yake alipokwisha kugandisha utomvu na kuutandaza, Siew Ngiik alichukua msumari na kuandika hesabu zake juu ya tabaka za mpira kabla hazijapitishwa kwenye mtambo wa kubana. Nyingine zilikauka na tarakimu zake. Mnunuzi wa mjini alizigeuza siku moja, akazisogeza kwenye mwanga, akauliza, "Hung Tai, siku hizi mpira wako unakuja na majibu?" Mzee Lau aliona aibu. Lakini alipofika nyumbani hakumgombeza mtoto. Alimnunulia ubao mdogo na chaki.

Alisoma shule ya msingi Durin, kisha akahamia Sibu kwa shangazi yake kwa ajili ya sekondari. Mwaka 1972 alifanya mtihani wa kidato cha sita, ule uliokuwa mlango pekee wa chuo kikuu. Familia ilikubaliana kwamba angeufanya mara moja tu, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na wadogo wanaosubiri zamu. Alijiandaa kwa kufanya maswali ya mitihani ya nyuma, hisabati halisi asubuhi na takwimu jioni, hadi karatasi zikawa laini kama kitambaa.

Siku ya karatasi ya kwanza, wanafunzi walipotoka ukumbini walikimbilia kantini kulinganisha majibu, kama wanavyofanya hadi leo ingawa walimu wote huwakataza. Kijana mmoja wa darasa lake, Ting Sing Kwong, aliketi mbele yake na bakuli la tambi.

"Lile la kipeuo cha pili cha x jumlisha saba, sawa na x toa tano. Umepata ngapi?"

"Tisa na mbili."

"Mimi tisa tu."

"Basi umesahau moja. Pole."

"Sikusahau, dada. Nimekagua. Weka mbili uone. Upande huu unapata tatu, upande ule unapata hasi tatu. Hiyo mbili imejipenyeza tu ulipozidisha kila upande kwa wenyewe."

Siew Ngiik aliifanya upya kwa kalamu kwenye kiganja chake. Tambi zake zilibaki. Matokeo yalipotoka alikuwa amepungukiwa daraja moja kuingia chuo kikuu. Hakuwahi kudai kwamba swali lile peke yake ndilo lililomwangusha. Yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kusema kwamba ushahidi hautoshi. Ila ndilo alilolikumbuka.

Alisomea ualimu Kuching kuanzia 1973 hadi 1975, akafundisha hesabu Kanowit, na kuanzia 1983 Sibu mjini hadi alipostaafu mwaka 2009. Shuleni alipangiwa madarasa ya chini. Wale wa kidato cha sita waliokuwa wakikwama walimfuata nyumbani Jumamosi, na kazi hiyo ya nyumbani ndiyo ambayo wengi wenu mlioketi hapa mnamjulia.

Utaratibu wake haukubadilika kwa zaidi ya miaka thelathini. Vitabu vya mazoezi vilipokuja na majibu kurasa za mwisho, alizibandika kurasa hizo kwa gundi ya unga wa sago. Alisema mwanafunzi anayejua jibu huacha kutafuta njia na kuanza kuipinda njia ifike pale anapotaka. Kila mmoja alisoma kazi yake kwa sauti, mstari kwa mstari, na Mwalimu alisikiliza macho yakiwa nje, kwenye nguo zilizoanikwa. Mstari wenye kosa ulipofika, aligonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole. Hakusema kosa ni nini. Hakurudia. Mwanafunzi alibaki na mstari wake mpaka aelewe, na wengine walikatazwa kumsaidia hata kwa kikohozi. Mwisho wa kila swali, hata lililokuwa sahihi, aliuliza neno moja: "Umekagua?"

Suok Ing, aliyelelewa ndani ya sauti ile, akiwa na miaka kumi na saba alitumia mvuke wa birika kuzifungua kurasa zilizobandikwa. Kwa majuma kadhaa majibu yake yote yalikuwa sahihi. Jioni moja mama yake alikishika kitabu, akazipapasa karatasi zake zilizojikunja.

"Kitabu hiki kimepikwa kwa mvuke kama samaki," alisema. "Au kina homa?"

"Unyevunyevu wa mto, Mama."

"Mto umeingia kwenye kurasa za majibu tu? Mto mwerevu sana. Haya, keti. Nisomee la kwanza."

Aligongewa meza katika mistari mingi jioni ile. Baadaye akawa mhandisi wa madaraja, na huwaambia watu kwamba uhandisi alijifunza siku hiyo.

Kwenye takwimu Mwalimu alikuwa mchangamfu zaidi. Wanafunzi walitumwa sokoni kununua kompia, vile vimkate vyetu vya duara vyenye tundu katikati, wakavipima kimoja kimoja kukadiria wastani wa uzito wa tanuri zima. Mwaka mmoja kundi moja lilikuja na mfuko mtupu. "Sampuli imeliwa, Mwalimu," walikiri. Naye akajibu, "Basi pimeni tumbo, mtoe la jana."

Alifunga ndoa na yuleyule Ting Sing Kwong tarehe 16 Desemba 1978, katika kanisa la Kimethodisti la Sibu. Bwana Ting naye hakufika chuo kikuu. Baba yake alipougua, yeye alienda kuwa mpima magogo kwenye kambi za mbao. Alipokuja kuposa, alimwambia Siew Ngiik mbele ya wazazi kwamba amefikiria na jibu lake ni yeye. "Umekagua?" Siew Ngiik akauliza. "Nimekagua. Hakuna la pili." Tangu siku ile hadi mwisho wa maisha yake Bwana Ting alimwita mkewe Bibi Mbili, hasa wageni wakiwapo, naye akajibu kwa kumwongezea pilipili kwenye supu. Zawadi ya ndoa aliyompa mkewe ilikuwa meza ya belian, mti mzito usiooza hata ukizama mtoni. Meza ilijengewa ndani ya nyumba, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kupima mlango, imebaki pale. "Mume wangu hupima magogo," Mwalimu aliwaambia wageni. "Milango si kazi yake." Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Suok Ing, mwaka 1980.

Bwana Ting alifariki Agosti 2009, mwaka uleule Mwalimu alipostaafu. Suok Ing, ambaye kwa wakati huo aliishi Miri na familia yake, alimwomba mama yake ahamie kwake. Mwalimu alikataa, akamtaka bintiye amwahidi jambo moja: asimwondoe kwenye meza ile kabla hajashindwa kuona kosa. Suok Ing aliahidi. Aliona ni ahadi nyepesi, maana mama yake alikuwa mzima.

Juni 2017 Mwalimu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakampotea yote. Suok Ing alikuja na gari na mablanketi, akafunga nguo za mama yake. Jumamosi, wakiwa karibu kuondoka, wanafunzi walikuwa mlangoni wamevua viatu. Msemaji wao alikuwa Melina anak Jarau, msichana kutoka nyumba ndefu ya Waiban, ile inayokaa kijiji kizima chini ya paa moja, upande wa Kanowit.

"Shangazi, tunaomba kuketi tu," alisema. "Mwalimu asifanye kitu."

"Hasikii mnachosema, mwanangu. Hata mimi hanijibu."

"Hata alipokuwa mzima hakuwa akijibu, Shangazi. Alikuwa akigonga."

Suok Ing akawasogezea viti. Melina alianza kusoma swali la shanga nyekundu tano na nyeupe tatu ndani ya mfuko, zikitolewa mbili bila kurudishwa. Uwezekano wa zote mbili kuwa nyekundu ni upi. "Tano ya nane," alisoma, "mara tano ya nane."

Mkono wa kushoto wa Mwalimu uligonga meza.

"Bahati," Suok Ing alisema. "Mkono huo hushtuka wenyewe."

Melina hakubishana. Aliukodolea macho mstari wake, akasema polepole, "Iliyotoka hairudi mfukoni. Zimebaki nne, kati ya saba." Akasoma upya: tano ya nane, mara nne ya saba. Mkono ulitulia. Kijana aliyemfuata alisoma lake, mistari mingi ya hesabu ya tofautisho, na mkono haukusogea hadi alipokosea alama ya kutoa, hapo ukagonga.

Suok Ing alikwenda kushusha mablanketi kwenye gari. "Mpaka mtihani upite," aliwaambia. Lakini siku hizi kidato cha sita hufanya mtihani kwa mihula mitatu, kwa hiyo mbele daima kulikuwa na mtihani. Mwalimu alibaki mezani miaka sita mingine, akitunzwa na wifi yake, Bibi Kong Moi Hung, ambaye hakujua hesabu wala hakuzitaka. "Mimi napika tu," husema. "Ila wakigongewa sana, najua chakula kitapoa."

Tarehe 18 Septemba mwaka huu kilikuja kiharusi cha pili, kikali zaidi. Hospitalini familia iliambiwa kwamba hakuna dalili ya yeye kuelewa, na ikashauriwa imtafutie nyumba ya kutunzia wagonjwa. Mjomba Ngie Sing alikubaliana na ushauri huo. Suok Ing alimwambia ana ahadi ambayo haijakaguliwa. Walimrudisha nyumbani, wakaweka kitanda kando ya meza, na mkono wake wa kushoto ukalazwa juu ya ubao wa meza. Siku za kwanza alisomewa Zaburi, akaimbiwa, mkono haukutikisika.

"Muache, mwanangu," Mjomba alisema. "Huyu yuko njiani. Wewe zungumza na Mungu sasa."

"Nitazungumza naye, Mjomba. Nianze na Mama."

Ilikuwa Jumatatu mchana, tarehe 9 Oktoba. Suok Ing alichukua karatasi na kuandika swali la kipeuo lililoinyima familia hii shahada moja mwaka 1972. Alikusudia kukosea mahali pamoja tu, kosa la kitoto, ili ajue. Akasoma kwa sauti. Alizidisha kila upande kwa wenyewe. "Kushoto, x jumlisha saba. Kulia, x mraba jumlisha ishirini na tano."

Alingoja. Bibi Kong alisimama jikoni na mwiko mkononi. Mkono wa kushoto ukainuka kidogo, kama unaoinuliwa kutoka majini, na kifundo kikagusa belian. Ilikuwa sauti ndogo, lakini waliokuwapo wote waliisikia.

"Ndiyo, Mama," Suok Ing alisema. "Nimeruka toa x kumi." Alipangusa macho kwa mkono wa blauzi, akaandika upya na kuendelea bila haraka, hatua kwa hatua, sauti yake ikitulia kadiri hesabu ilivyonyooka. Alifika mwisho. "Kwa hiyo x ni tisa, au x ni mbili." Akaweka kalamu chini.

Mkono uligonga tena.

Suok Ing aliitazama karatasi, akacheka huku analia. "Hilo sikulipanga, Mama. Kweli tena. Hilo ni langu." Akaweka mbili mahali pa x, akaona tatu na hasi tatu, akaikata kwa mstari mmoja. "Tisa peke yake. Nimekagua."

Mkono ulilala. Mjomba Ngie Sing, aliyekuwa dirishani, hakutaja tena nyumba ya wagonjwa. Mwalimu Lau Siew Ngiik aliaga dunia kesho yake, Jumanne tarehe 10 Oktoba 2023, saa moja asubuhi, mezani pake, kabla hajashindwa kuona kosa.

Ameacha binti, Ting Suok Ing, na mkwe, Wong Chiong Hee; wajukuu wawili, Grace na Nathan; mdogo wake, Lau Ngie Sing, na wifi yake, Kong Moi Hung. Ameacha pia wanafunzi ambao familia haiwezi kuwataja wote, akiwamo Melina anak Jarau, ambaye sasa ni mwalimu wa hisabati hapa Sibu. Yeye ndiye atakayeketi na wa kidato cha sita Jumamosi hii ijayo, meza ileile, kurasa za majibu zikiwa zimebandikwa. Wenye maswali waje nayo.

Bwana aliyempa mkono ule sasa na aupumzishe.