Aliyemfungia Mke wa Hondohondo

Ukipanda barabara ya Old Moshi, kabla hujafika mashine ya kusaga, utakuta benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Hapo ndipo Bibi Dafroza anapouza kahawa. Umbea anautoa bure. Mwanawe Amon, anayepandisha wageni mlimani, aliachiwa na mgeni mmoja kikamera kidogo kama kifungo cha koti. Akagonga sanduku la mbao, akakitia kikamera ndani, akalitundika juu ya mti wa mringaringa nyuma ya nyumba. Wakahamia hondohondo wawili, ndege wale wa mdomo mkubwa, mume na mke. Tangu hapo simu ya bibi inaegemezwa kwenye birika, picha inakuja yenyewe kutoka sandukuni, na kijiwe kizima kimeacha kubishania mpira. Halafu mvua ikakata mawasiliano wiki nzima. Picha iliporudi asubuhi ile, watu walishika vichwa: mlango wa sanduku umezibwa kwa tope, umebaki upenyo mwembamba kama wa kutumbukizia sadaka, na jike yuko ndani, kalalia mayai. Mume hayupo.

— Kamfungia! — Herbert aliruka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Huyu ni bodaboda, na kijiweni wanamwita Gia, kwa sababu hana breki, si barabarani wala mdomoni. — Bibi, mume kamjengea mkewe ukuta!

— Wivu huo — akasema Elisaria, anayeimba sauti ya nne kanisani na kwa hiyo anaitwa Besi. — Mwanamke mzuri, mdomo mwekundu namna ile, ungemwacha wazi?

— Mdomo mwekundu wanao wote wawili, Besi — akajibu Gia. — Hata mume.

— Basi wivu wa pande mbili.

Bibi Dafroza alimimina kahawa huku jicho lake moja liko kwenye simu. Tangu Amon aote ndevu, hakuna kilichozaliwa kwenye kihamba kile, shamba la migomba la nyumbani, zaidi ya ndama, na bibi alishajiapiza kwamba vifaranga hawa atawaona wakitoka kwenye yai kwa macho yake mwenyewe, hata kama ugali utaungua.

— Tazameni chini! — Besi alikuwa ameisogeza simu hadi puani. — Manyoya! Kamnyonyoa mwenzake!

Kweli, sakafu ya sanduku ilijaa manyoya ya mkia na ya mbawa.

— Asikimbie! — Gia akajipiga paja. — Jamani, jamaa ana roho! Kwanza ukuta, halafu kanyonyoa!

— Na mwenyewe yuko Sanya Juu — akasema Besi kwa sauti ya chini, ile ya umbea. — Ana mke mwingine kwenye mahindi kule. Wahenga walisema, kibaya chajitembeza.

— Wewe umemwona? — akauliza bibi.

— Sijamwona. Lakini hayupo hapa. Sasa atakuwa wapi?

Hapo Onesphory akakohoa. Kijiwe kinamwita Profesa, kwa sababu aliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika, na tangu hapo hajawahi kusema sijui.

— Nyie hamwoni mbali — akaanza. — Huyu ndege ametuiga. Amekaa juu ya mringaringa miaka, anatazama ng'ombe wetu wako bandani, hawatoki, wanaletewa majani mpaka mdomoni. Akasema, kumbe! Akaenda kumfuga mkewe ndani.

— Mama yangu! — Gia alishika kichwa. — Anamfuga kisasa!

— Haba na haba hujaza kibaba — akaendelea Profesa. — Donge kwa donge la tope, jela ikakamilika.

— Sasa jela ina mfungwa na mlisha mfungwa katoroka — akasema Besi. — Atakufa njaa mbele ya macho yetu, kwenye simu!

Kijiwe kikawaka. Gia akataka apigiwe mtu wa maliasili. Besi akataka yaombwe maombi. Profesa akasimama, akavuta suruali juu.

— Mama Amon, ngazi iko wapi? Nabomoa.

Bibi Dafroza karibu aangushe birika.

— Ubomoe nini?

— Ukuta. Haki za mwanamke, Mama Amon. Ningekuwa mimi nimefungiwa ningependa unibomolee.

— Wewe ningekuongezea tope! Onesphory, nisikilize. Kuna mayai mle. Ukigonga patasi, mama mtu ataruka na manyoya yenyewe hana, baridi ya mlima itaingia kwenye mayai, na mimi nitabaki natazama sanduku tupu.

— Mpanda ngazi hushuka — akasema Besi, akimtia moyo Profesa.

— Hushuka vibaya! — akajibu bibi.

Lakini Gia alishazunguka nyuma ya jiko na kurudi na ngazi begani, anapumua kama anakimbiza mwizi. Akailaza kwenye majani ili afunge kamba za viatu. Bibi Dafroza hakubishana tena. Akakusanya khanga zake, akaenda akaikalia ngazi, katikati kabisa, na birika na simu mapajani.

— Haya. Nibebeni pamoja nayo.

Wanaume watatu wakatazamana. Profesa akashika ncha moja, akaiacha.

Ndipo akatokea Bi Aikaeli, mkungu wa ndizi kichwani na mfuko wa nyama mkononi. Huyu ni mama mkwe wa Gia, mama mzaa Joyness mkewe. Joyness alijifungua majuzi, na kama desturi yetu ilivyo yuko ndani anakaa uzazi: hatoki, halimi, hateki maji, kazi yake ni kunyonyesha na kuletewa mtori, supu ya ndizi na nyama.

— Shikamoo mama — akasema Gia, akijificha nyuma ya Besi.

— Marahaba. Dafroza, mbona umekaa juu ya ngazi kama kuku?

Wakamweleza wote kwa pamoja, jela, manyoya, Sanya Juu na ng'ombe. Bi Aikaeli akashusha mkungu, akainamia simu, akatazama muda.

— Hilo tope — akauliza — limesilibwa kwa ndani ama kwa nje?

Profesa akawa wa kwanza kuinama.

Wakajazana kwenye simu. Ukuta kwa ndani ulikuwa laini, umepigwapigwa vizuri kama wa fundi. Na wakiwa wanatazama hivyo, jike akageuka, akachota kwa mdomo tope lililochanganyika na kinyesi chake, akakandika penye ufa: ta, ta, ta.

— Kajifungia mwenyewe! — bibi alipiga ukelele, ngazi ikalia chini yake.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta — akasema Profesa kwa haraka, kama mtu aliyekuwa akijua.

— Mzazi huyo — akasema Bi Aikaeli. — Hata Joyness mlango aliurudishia mwenyewe.

Upenyo ukaingia giza. Mdomo mwekundu ukachungulia kutoka nje, umeshika tunda. Jike akalipokea. Likaja la pili. La tatu likawa panzi.

— Kaja! Mume kaja! — Gia alimkumbatia Besi, Besi akaanza pambio, Profesa akapiga makofi kama yeye ndiye aliyeleta panzi. Bibi Dafroza aliifuta simu kwa khanga, halafu na macho.

Bi Aikaeli akasubiri makelele yapungue.

— Na wa kwako, Herbert, leo kala nini?

Gia akatazama kikombe. Akatazama mfuko wa nyama.

Aliubeba ule mkungu kwenye pikipiki bila kuambiwa, na mfuko wa nyama shingoni. Besi akakumbuka kwamba ana mazoezi ya kwaya. Profesa, ambaye kitinda mimba wake yuko jeshini, alisimama kidogo, akauliza bucha ya chini inafunga saa ngapi, akaondoka anakimbia.

Bibi Dafroza akajisogeza, Bi Aikaeli akapata pa kukaa kwenye ngazi.

— Haya, mwenzangu — akasema bibi, akimimina kahawa ya mwisho, jicho moja kwenye simu. — Sasa niambie. Mume wa Yuditha, jirani yako, alirudi?