Siku Kiberiti Alipomaliza Kahawa Yake

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe, mbele ya duka la kinyozi, ng'ambo ya barabara kutoka hospitali. Ukikaa ncha ya kulia unaona ukuta tu. Ukikaa ncha ya kushoto unaona mlango wa mapokezi, na kwa hiyo ncha ya kushoto ilikuwa ya Kiberiti, fundi wa kompyuta wa hospitali, mtu aliyejifunza kazi kwa kufungua mashine mbovu za watu mpaka zikamzoea, na ambaye jina hilo hakulipewa bure, maana alikuwa hakawii kuwaka. Kila umeme ulipokatika seva ya hospitali, ile kompyuta kuu inayotunza kila kitu, ilizimika, na uliporudi haikuamka sawasawa mpaka Kiberiti aende akaiamshe kwa mikono yake. Basi alikuwa akiinuka mbio, kahawa ameiacha nusu, na nusu hiyo ilikuwa na mrithi wake, bwana mmoja aliyeitwa Wakili. Sheria hakuisomea hata siku moja, ila neno halikuwahi kupita mbele yake bila kuwekewa pingamizi. Asubuhi hiyo umeme ulikatika kama kawaida. Kiberiti hakuinuka.

Wakili alikuwa ameshanyoosha mkono.

— Mbona hukimbii?

— Toa mkono wako hapo.

— Umeme umekatika, ndugu yangu. Labda hujaona.

— Nimeona. Toa mkono.

Mama Birika, aliyekuwa akiuza kahawa pale tangu hospitali ina jengo moja, alimtazama Kiberiti kwa wasiwasi.

— Baba, unaumwa?

— Siumwi, mama. Leo sitakiwi kwenda.

Kinyozi akatokea mlangoni mwa duka lake, na nyuma yake mteja mwenye kitambaa shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, upande wa pili bado msitu. Mteja akajikalia mwisho wa benchi bila kukaribishwa. Atakwenda wapi mtu wa namna hiyo?

— Wamemfukuza, Kinyozi akasema. Nilijua tu. Ule mdomo wake!

— Nani kafukuzwa? Sikilizeni, kabla hamjanizika.

Kiberiti akawaeleza. Juzi seva mpya ililetwa. Bosi wa hospitali akataka kanzidata iwekwe kwanza, yaani lile ghala lenye majina ya wagonjwa, maradhi yao na dawa zao, ili watu waone mfumo unafanya kazi. Kiberiti akakataa. Akasema ataanza na programu za miundombinu, kisha ndiyo aweke kanzidata juu yake, na asiyetaka atafute fundi mwingine. Jana kutwa nzima watu walipita chumba cha seva wakichungulia, na hakukuwa na cha kuonyesha. Jioni bosi akamwambia: sawa, tumefanya utakavyo. Umeme ukikatika, usikanyage humu. Mfumo uinuke wenyewe. Usipoinuka nitakupigia simu, na ukija uje na funguo za chumba hiki uniachie mezani.

Simu ilikuwa pale kwenye ubao, karibu na kikombe, imelala kifudifudi.

— Kwa hiyo ikilia..., mteja wa nusu kichwa akaanza.

— Ikilia sina kazi.

Wote wakaitazama simu kama nyoka aliyelala.

— Mimi nina pingamizi, Wakili akasema.

— Nilijua unalo.

— Miundombinu ni barabara. Ni mabomba. Wewe umeingiza mabomba kwenye kompyuta, halafu unashangaa bosi kukasirika? Mabomba huvuja!

— Wakili, usinitie wazimu. Ni programu. Kazi yake kuitunza kanzidata. Umeme ukirudi inaamka ya kwanza, inafungua diski, inaamsha kanzidata, halafu inafungua mlango watu waingie. Kwa mpangilio huo huo. Zamani kanzidata ilikuwa ikiamka peke yake gizani, inakuta diski hazijafunguliwa, inajibwaga tena chini. Hiyo ndiyo niliyokuwa naikimbilia.

— Msingi wa nyumba, Kinyozi akasema.

— Si msingi! Msingi umelala tu chini. Hii iko macho saa zote. Kanzidata ikianguka, inaiinua.

— Yaani yaya, Mama Birika akasema, akimimina.

Kiberiti akamgeukia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso ukamlegea.

— Hapo sasa! Yaya.

— Pingamizi la pili! Wakili alikuwa ameshasimama. Yaya huletwa mtoto akishazaliwa. Wewe umeajiri yaya kwenye nyumba haina hata mimba. Siku nzima yaya amekaa kochini anatazama ukuta, na bosi analipa umeme!

— Ukimleta mtoto akishazaliwa, lazima umtambulishe. Huyu hapa, analala pale, anakula hiki, akilia fanya hivi. Sahau jambo moja tu, yaya hamtambui, na umeme ukirudi anampita kama hamjui. Ukimleta kabla, mtoto anazaliwa mikononi mwake. Humtambulishi. Anamjua.

Kinyozi akakuna kidevu.

— Na huyo yaya anaamshwa na nani?

— Na seva yenyewe ikiwaka.

— Na seva?

— Na umeme.

— Na umeme?

— Kawaulize waliokata!

Mteja wa nusu kichwa akacheka, akajizuia. Kinyozi hakucheka, alikuwa ameshapata wazo, na Kinyozi akipata wazo wateja huumia.

— Mnajua tatizo liko wapi? Kompyuta ikizimika haijui kama imezimika. Ikiamka inadhani bado ni jana. Kwa hiyo wote waliopona jana, leo wataumwa upya.

— Na aliyejifungua jana? Mama Birika akauliza.

— Anarudishiwa mimba.

— Toba!

— Basi na nywele zangu za upande huu zirudi, mteja akasema, maana mimi nimechoka kutazamwa.

— Hilo dogo, Wakili akasema. Mie nawaambieni la kuogopa. Huyo yaya ndiye mwenye funguo za diski, sivyo? Ndiye mwenye mlango, sivyo? Basi nyumba ni yake! Leo anaamsha mtoto, kesho anaamua nani mgonjwa na nani mzima. Utakwenda na jino, atakwambia mguu. Na mguu utakatwa, bwana, kwa sababu kompyuta imesema!

— Ukatwe ulimi, Kiberiti akasema. Nyie mnacheza. Wiki iliyopita dada yangu wa tumbo moja alishinda pale ndani na mtoto ana homa, mwili moto kama pasi, kisa faili halifunguki na mimi niko chini ya meza nahangaika na waya. Ananiona. Nami namwona. Hakuniambia neno. Afadhali angenitukana.

Wakili akaketi. Mama Birika akamwongezea kahawa bila kuulizwa.

Hapo ndipo ndani ya duka kitu kikaanza kunguruma. Mashine ya kunyolea, aliyoiacha Kinyozi mezani bila kuizima, ilikuwa ikitetemeka yenyewe kati ya vitana.

— Umerudi, mteja akasema.

— Umeona? Kinyozi akasema. Yangu imeamka, na haina yaya.

— Yako haina wagonjwa ndani yake, Kiberiti akajibu.

Akaukazia macho mlango wa mapokezi. Siku zote mfumo ukigoma dalili ilikuwa moja: watu wanaanza kutoka, mmoja mmoja, na makaratasi yao, wanatafuta kivuli cha ukuta, wanakaa chini. Hakuna aliyetoka. Lakini labda bado hawajaambiwa. Mlango ukafunguka, mwanamume mmoja akatoka, akasimama, akatazama juu, akatazama chini. Mwanamume akatema mate, akarudi ndani.

— Huyo si ushahidi, Wakili akanong'ona.

— Nyamaza.

Kinyozi akaenda kuizima mashine yake, akarudi upesi asipitwe. Mteja alikuwa ameacha kabisa kudai nywele zake. Benchi zima lilikuwa limeegemea kushoto.

Simu ikalia.

Kikombe kilitetereka juu ya ubao. Wakili akakidaka, na kwa heshima yake, hakunywa. Kiberiti aliitazama simu ikilia, ikilia. Kisha akaigeuza kwa kidole kimoja. Akasimama wima ghafla, akaweka kola sawa.

— Shikamoo mama... Mzima, mama... Ndiyo, mama... Hapana, sijasahau... Kitasa cha mlango, ndiyo... Kesho, Mungu akijalia... Haya, mama. Asante, mama.

Akaketi kama gunia.

— Mama mkwe, akasema.

Wakacheka, wakacheka wakishika mbavu, na Kiberiti naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu na hajui kama hatari imeisha. Na kilikuwa hakijawatoka vizuri walipomwona dada wa mapokezi akivuka barabara, chupa ya chai kwapani, anatembea polepole, kijua kinampiga usoni.

— Ametumwa, Kinyozi akasema chini kwa chini. Bosi kaona simu haitoshi.

Dada wa mapokezi akafika, akawasalimu wote, akamkabidhi Mama Birika chupa.

— Nijazie, mama. Leo tumeingiwa na hamu ya kahawa huko ndani.

— Dada, Kiberiti akasema. Vipi mfumo?

— Mfumo gani?

— Mfumo! Mfumo wa hospitali!

— Upo. Kwani una nini?

— Umeme ulikatika!

— Ah, huo. Ulikatika, ukarudi. Tukasubiri kidogo, ile sehemu ya kuandika jina ikatokea, tukaendelea. Bosi alikuja akasimama mgongoni kwangu, akatazama, akatazama, akaguna, akaenda zake. Nikadhani nimekosea kitu.

— Akaguna vipi? Wakili akauliza. Mguno wa hasira au wa kuridhika?

— Akaguna tu. Halafu akasema agizeni kahawa.

Kiberiti alishusha pumzi ndefu kiasi kwamba Mama Birika aliacha kumimina amtazame. Mabega yaliteremka, mikono ikalala mapajani. Ni kama mtu aliyekuwa amebeba kabati ngazi nzima, na sasa ameambiwa tua.

Dada wa mapokezi akawatazama mmoja mmoja: fundi anayetabasamu peke yake, Wakili aliyenyamaza, kinyozi asiyenyoa, mteja wa nusu kichwa.

— Nilishangaa sijakuona ukija mbio, akamwambia Kiberiti. Kwani leo umefanya nini?

Kiberiti akafungua mdomo. Akamtazama Wakili amsaidie. Wakili akamtazama Kinyozi, Kinyozi akatazama mashine ya kunyolea. Umefanya nini leo? Alikuwa amekaa. Asubuhi nzima alikuwa amekaa.

Dada hakungoja jibu. Alichukua chupa yake, nzito sasa, akavuka barabara.

Kiberiti akainua kikombe, akanywa taratibu, akanywa tena, mpaka hapakubaki kitu. Halafu akakiinamisha kwenye mwanga.

— Mama Birika. Humu chini kuna ua.

— Ua?

— La bluu. Limechorwa.

— Baba, hilo ua limo miaka yote. Vikombe vyangu vyote vina ua.

— Mie nalijua siku nyingi, Wakili akasema, na sauti yake haikuwa na furaha hata kidogo. Akasogeza kikombe chake mwenyewe, kikavu tangu asubuhi.

— Mama, basi nimiminie na mimi.

Mama Birika akaliinua birika, akalitikisa karibu na sikio.

— Imekwisha.