Kabati Anaishia Mechi ya Mia Moja Tisini na Nane

Baada ya miaka kumi na sita ya kuvaa jezi namba tatu ya klabu yetu, Kabati anastaafu raga tarehe thelathini mwezi huu. Ana miaka thelathini na tano, mke mmoja, binti mmoja wa darasa la pili, vidole viwili visivyokunjika na masikio yaliyosinyaa kama maganda ya karanga. Amecheza mechi mia moja tisini na nane. Wengi mmeuliza kwa nini asimalizie mbili zitimie mia mbili. Ameniruhusu niwaeleze, na nitawaeleza, lakini kwanza mjue tunamuaga nani.

Jina la Kabati alilipata wiki yake ya kwanza. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, ametoka kupakia mbao. Meneja akasema watafutwe watu wanne wapandishe kabati la chuma ghorofani. Kabla hao wanne hawajapatikana, yeye keshalitia mgongoni na kupanda nalo ngazi zote. Kufika juu, mlango mwembamba, haliingii. Hakulalamika wala hakupumzika. Aligeuka nalo akalishusha mpaka lilipokuwa, akauliza kama kuna kazi nyingine.

Kazi yake uwanjani ilikuwa mstari wa mbele wa skramu, upande wa kulia. Kwa wageni wa mchezo huu: skramu ni pale watu wanane wa huku wanapoinama, wakashikana na wanane wa kule, wakasukumana kugombea mpira. Uzito wa wote hao huishia kwenye shingo za watu wachache, na Kabati ni mmoja wao. Mchezaji wa nafasi hiyo akifanya kazi vizuri hakuna anayemwona.

Mechi yake ya kwanza alionekana sana. Mkongwe mmoja wa timu pinzani, mfupi mwenye kitambi, alimwinua na kumrudisha nyuma kama godoro, mara tatu. Mwingine angenuna mwezi mzima. Kabati kesho yake alimfuata yule mkongwe kazini kwake, kwenye karakana ya betri za magari, akamwomba amfundishe. Mkongwe alimtazama juu mpaka chini. "Mwanangu, una nguvu za punda na miguu ya meza," alimwambia. "Njoo Jumapili." Alikwenda Jumapili zote za msimu ule. Timu ziliporudiana, aliyekwenda chini ni mkongwe, akainuka huku anacheka na kumweleza refa kwamba kijana huyo ni kazi ya mikono yake.

Tangu hapo hakushuka tena. Aliitwa timu ya taifa mara nne, akacheza mara moja, dakika tisa, na dakika hizo hakuna aliyemsogeza. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, amefunga tatu tu maishani. Ya tatu ina ubishi: wenzake wanashikilia kwamba alisukumwa kwa nyuma, akaanguka, na mpira kwa bahati ukawa chini ya tumbo lake. Yeye hujibu kwamba imeandikwa, na wao waende wakaandike zao. Mazoezi amekosa siku moja, siku aliyozaliwa binti yake, na hata siku hiyo alipiga simu kutoka wodini kuulizia skramu, mpaka mkewe alipomnyang'anya simu.

Kwenye chumba cha huduma ya kwanza, ninapofanya kazi, wananiita Mama Pacha kwa sababu wanangu mapacha hushinda nami humo. Hakuna siku Kabati aliingia kufungwa bandeji asimbebe mmoja begani ili nipate mikono. Ni mtu wa hivyo.

Ni humo humo yalipotokea ninayotaka kueleza. Kila mwanzo wa msimu, kabla ya mechi yoyote, mchezaji huketi mbele yangu tukapima kumbukumbu. Namsomea maneno kumi, anayarudia. Tunafanya hivyo mara tatu, jumla alama thelathini. Akigongwa kichwa baadaye, anapimwa tena na tunalinganisha. Alama zikishuka, hachezi.

Wachezaji wana ujanja wao, na sote tuliujua. Mwanzo wa msimu mtu anajifanya msahaulifu kusudi, apate alama za chini, ili hata akigongwa asionekane ameshuka. Fundi wa ujanja huo alikuwa Kabati. Aliwafundisha wageni wote: "Mwanzo wa msimu uwe mjinga, ukigongwa utaonekana msomi." Yeye alikuwa hapiti kumi na sita. Kila mwaka kumi na sita, huku ananikonyeza. Nami niliandika, nikacheka. Sijivunii hilo.

Mwaka huu alikuja peke yake, akafunga mlango. Alisema binti yake alimwambia mezani, "Baba, hilo umeshaniuliza mara tatu."

"Mama Pacha, leo sichezi," akasema. "Soma polepole. Nataka kujua."

Nikasoma. Alifumba macho, akakaza ngumi kwenye magoti, nikaona jasho linamtoka kama yuko kwenye skramu. Alipata kumi na sita. Akaomba orodha nyingine, nikamsomea. Kumi na tano.

Aliinama akaisoma karatasi ya alama mkononi mwangu. Kisha akasema, "Basi uongo wangu umekuwa kweli."

Nilimpeleka kwa daktari siku ileile, na daktari akampeleka kwa bingwa wa magonjwa ya ubongo. Bingwa hakumficha: kilichokwisha kupotea huenda kisirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa, ila pigo lingine hakuna ajuaye litachukua nini. Uamuzi akaachiwa mwenyewe.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Jezi maalumu yenye mia mbili mgongoni ilikuwa imeshashonwa. Viongozi walimwomba acheze mbili za mwanzo tu, dakika chache, kisha aage kwa heshima. Walimwomba kwa mapenzi, na mtu aliyeota namba hiyo tangu mechi yake ya mia si rahisi kumwomba asikubali. Alilala na ombi hilo siku mbili. Siku ya tatu alisimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya timu nzima, akawaeleza yote: ujanja, alama, maneno ya bingwa. Akasema hachezi tena hata dakika moja.

Nahodha, ambaye hutaniana naye tangu zamani, alijaribu kulegeza mambo. "Kabati, kumbe na wewe unaogopa?"

"Naogopa, ndiyo," akajibu. "Mia mbili haitanikumbusha jina la mwanangu. Na wewe alama zako kumi na nne, nahodha, ni za kwako au ni zile nilizokufundisha?"

Asubuhi iliyofuata nilikuta foleni mlangoni kwangu, nahodha akiwa mbele ya wote. Alirudia kipimo akapata ishirini na sita. Wiki ile timu nzima ilipimwa upya kwa ukweli. Wawili ambao alama zao hazikupanda wamesimamishwa mpaka daktari awaruhusu, na mmoja wao hajanisemesha mpaka leo. Ataelewa, na asipoelewa pia hachezi.

Ndugu wafanyakazi na wachezaji, watu watahesabu skramu alizoshinda, na wana haki. Mimi nahesabu hii pia, ambayo aliinuka mwenyewe akaondoka wakati kila mtu, pamoja na moyo wake, alikuwa anamsukuma abaki.

Kuanzia mwezi ujao, asubuhi alizokuwa mazoezini atakuwa anamsindikiza binti yake shuleni kwa miguu. Bingwa ameshauri atembee, na binti ameshasema yeye ndiye atakayeongoza njia.

Kabati, asante kwa shingo yako, kwa bega lako lililobeba wanangu, na kwa kutusemea kweli tuliyokuwa tunaicheka. Tunakutakia siku nyingi, na kila moja uikumbuke.