Chembe za Alio ni za Nani?

Benchi la Batula liko nyuma ya soko la mifugo la Garissa, na kahawa yake ya tangawizi hufungua hata mdomo wa bubu. Lakini asubuhi hiyo Kerrow alikuwa kimya. Ndugu yake Alio, ambaye hajatimiza hata hamsini, alipotea njia ya kwenda kwenye kisima alichokichimba mwenyewe. Marehemu baba yao alianza kusahau hivyo hivyo. Sasa madaktari wa Nairobi wanaomba kipande kidogo cha ngozi ya Alio, na cha Kerrow aliye mzima, wavilinganishe. Gari la kuwapeleka linaondoka adhuhuri, na Kerrow hajasema ndiyo.

— Ngozi na kusahau, wapi na wapi? akauliza Bishar, wanayemwita Redio.

— Binti yangu Idil amenieleza, akasema Kerrow. Chembe hai ya ngozi wanairudisha uchanga, halafu wanailea iwe ya ubongo, kwenye kisahani. Waone inaharibikia wapi. Dawa wazijaribu hapo, si kichwani mwa Alio.

— Kwa hiyo Alio atakaa hapa, ubongo wake upange nyumba Nairobi?

— Wacha mchezo, walaal, ndugu yangu, akasema Siyad Sindano, muuza dawa za mbuzi. Hili ni jambo la mifugo. Nikikuazima ngamia umkamue, akizaa, ndama ni wa nani?

— Wako, wallahi.

— Basi! Chembe zikizaana huko, ni mali ya ukoo wa Alio. Kerrow, nenda na chuma cha moto, uzipige chapa yenu!

— Kwenye kisahani? Batula akaangua kicheko.

— Zikiwa nyingi zitahesabiwa watu, Redio akadakia. Zitapiga kura. Zitatoa mbunge!

— Huyo angalau akisahau ahadi, tutajua ni ugonjwa, akasema Batula.

Hata Kerrow akacheka.

— Nitaenda, akasema. Ngozi kidogo tu, kwa ndugu yangu.

Ndipo Idil akafika na gari lililombeba Alio, buibui limejaa vumbi, akasimama mbele ya baba yake.

— Aabo, na wakiukuta ugonjwa kwako pia, utataka wakuambie?

Redio akamtazama Sindano. Sindano akawatazama mbuzi. Batula akainua birika, asimmiminie mtu.

Kutoka garini Alio alikuwa akimwita Kerrow kwa jina la marehemu baba yao.

Kerrow akaitika, akaenda.