Caetano Mascarenhas: Jina Lilingoja Ndugu Wasikie

Caetano Mascarenhas alizaliwa Ganjoni, Mombasa, tarehe 9 Machi 1946, mtoto wa fundi cherehani aliyetoka Goa, India. Alisoma hapo hapo Mombasa hadi mwaka 1964, akaanza uandishi wa habari Nairobi. Kiswahili chake cha pwani hakikumtoka. Hata mashemeji zake Wataita aliwasahihisha, wakanuna, wakazoea.

Mwaka 1976 alimwoa Virginia Mwakio wa Wundanyi, Taita. Mwaka 1979 walihamia Karama, Dubai, na hapa akahariri gazeti hadi 2012. Alikuwa na sharti moja: jina la marehemu halichapwi mpaka ndugu zake waambiwe kwa mdomo, na mtu aliyemwona. Vijana wa ofisi walilalamika kwamba magazeti mengine yanawatangulia. Aliwajibu kuwa maiti hana haraka, wenye haraka ni wao.

Ijumaa moja ya Mei 2011, bweni la wafanyakazi liliungua Al Quoz, hapa Dubai. Jioni ikaja habari kwamba mlinzi wa zamu, Onesmus Mwakio, mtoto wa kaka yake Virginia, amekufa. Kitambulisho chake kilikutwa kwenye sare ya maiti. Simu ya Onesmus ilikuwa imezimwa. Ofisini walimsihi, "Sir, khalas, imetosha, tuchape." Alikataa, wala hakumwambia mkewe. Alikwenda mochari mwenyewe, akafunuliwa uso wa maiti.

Hakuwa Onesmus. Onesmus alikuwa amemwachia mwenzake zamu na sare, kama walinzi wafanyavyo, akaenda mazoezi ya kwaya. Mzee alimkuta Karama, mezani kwa shangazi yake, anakula. Alikaa chini akalia mbele yao bila aibu. Kisha akauliza, "Huyo mwenzako, nimpigie nani kwao?" Ndipo Onesmus alipojua kwamba mwenzake huyo, Yekoniya, amekufa. Mama yake Yekoniya, huko Masaka, Uganda, aliambiwa kwanza, gazeti likafuata.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2014. Alifariki hospitalini hapa Dubai tarehe 3 Novemba 2016, mkono wake mkononi mwa Onesmus.

Ameacha mjane, Virginia. Mabinti, Betty na Mirriam. Dada yake, Rebecca, wa Mombasa. Na Onesmus, anayewasomea haya, ambaye marehemu alimwita mwanawe.

Siku aliyofariki, gazeti lake lilikuwa na habari tayari. Virginia alisema hapana, Rebecca hajasikia. Simu ya Mombasa iliita mchana kutwa bila kupokelewa, ofisini wakiuliza na kuuliza tena. Hatimaye Rebecca akapokea. Alisikiliza, kisha akamuuliza Onesmus, "Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona, mama."

"Basi waambie wachape."

Alale kwa amani, Caetano wetu, mahali pasipo na haraka.