Alphéda Daigle Cyr, Aliyeupa Mto Sauti

3 Oktoba 1947 – 23 Januari 2024

Alphéda alifariki Januari, theluji ikiwa imefika kiunoni. Kama wengine waliotutoka msimu huo wa baridi, alisubiri katika nyumba ya mawe pale makaburini mpaka udongo ulegee. Sasa umelegea, na leo, Jumamosi tarehe 11 Mei 2024, anazikwa. Jikoni kwake kuna taa ndogo nyeupe ambayo haijazimwa tangu siku aliyofariki. Binti yake Rachelle amemwomba baba yake, Ovila, mara tatu aizime. Mara zote tatu Ovila amekataa. Habari ya taa hiyo itafika mahali pake.

Alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1947 katika parokia ya Mtakatifu Léonide, hapa bondeni mpakani mwa Maine na Kanada, mtoto wa nne kati ya tisa wa Philias Daigle na Eudoxie. Ilikuwa wiki ya mwisho ya kuvuna viazi. Mama yake alikuwa shambani mpaka saa nne asubuhi, na saa saba mchana mtoto alikuwa amezaliwa. Philias alipoambiwa ni msichana, aliuliza, "Ana mikono miwili? Basi mwakani tutamwona shambani."

Alisoma kwa masista. Siku zile mtoto aliyesema Kifaransa cha nyumbani akiwa shuleni aliadhibiwa. Alphéda na mdogo wake Fernande wakazoea kuzungumza kwa kugonga dawati kwa kidole. Kugonga mara moja ilikuwa ndiyo, mara mbili hapana, na mara tatu ni sista anakuja. Alimaliza sekondari Juni 1965. Ovila, mumewe wa baadaye, aliishia darasa la nne, viazi na magogo vikamchukua.

Walikutana Septemba ya mwaka huohuo, katika mavuno. Alphéda aliokota viazi, Ovila alipakia mapipa kwenye lori. Kiazi cha kwanza kikianguka katika kikapu kitupu hulia kama mtu anayebisha hodi. Kikapu kinavyojaa, sauti inazama. Kikijaa kabisa, haisikiki tena. Ovila aliusikiliza mstari wa Alphéda bila kumtazama, na kila kikapu chake kilipojaa, alimkuta Ovila amekwisha simama hapo.

"We kijana, nani kakwambia kimejaa?"

"Chenyewe."

"Kumbe masikio unayo. Na maneno je?"

"Machache."

"Hayohayo yatatosha."

Walifunga ndoa tarehe 24 Juni 1967. Mtoto wao wa kwanza, Réal, aliishi siku nne. Mama yake analazwa ubavuni mwake leo. Rachelle alizaliwa 1971.

Alphéda alikuwa mwunganishaji wa simu kuanzia 1966 hadi 1981, mashine zilipochukua kazi ile. Alisema miaka kumi na tano ya kuvaa vile visikizi ilimfundisha kumjua mtu kwa pumzi kabla hajataja jina lake. Baada ya hapo alifanya kazi katika maktaba ya chuo hadi alipostaafu mwaka 2012. Kompyuta zilipoletwa maktabani, wenzake walizifunika kwa vitambaa zisipate vumbi. Yeye alikaa nazo mpaka akajua kuziandikia maagizo.

Chini ya daraja letu kuna kipimo cha serikali. Kila robo saa kinapeleka mtandaoni kina cha maji, kasi yake na ubaridi wake, na yeyote akitaka anaziona namba hizo. Alphéda alisema hakuna anayezitazama mpaka maji yawe jikoni kwake. Mwaka 2003 aliiandikia kompyuta maagizo ya kuzichukua namba kila zinapofika na kuzigeuza sauti na mwanga. Kina cha maji alikipa fidla nzito. Kasi aliipa vijiti vinavyogongana. Ubaridi ulipofika kiwango cha kuganda, ilisikika barafu ikipasuka. Sauti ile ya barafu waliinasa wenyewe uani, Ovila na shoka, Alphéda na kipaza sauti.

"Polepole, mzee wangu! Nataka ipasuke barafu, si ndoo!"

Ndoo ilipasuka. Waliosikiliza vizuri katika ukumbi wa parokia, sauti ilikowekwa, wameisikia ndoo hiyo miaka ishirini.

Ukutani mwa ukumbi huo aliweka ukanda wa mwanga wa buluu, uliopanda na kushuka pamoja na maji. Watu walikuja kutoka Montréal kuuona. Mmoja akaomba anakili sauti akaisikilize kwake. Alphéda akamwambia, "Mto wa jana utakufaa nini? Keti, usikie wa sasa." Akamketisha, akamlisha ploye, zile chapati za hapa bondeni, na maharage, na yule bwana alikaa mpaka jioni.

Lipo kosa moja, na yeye mwenyewe angetaka lisomwe. Tarehe 14 Aprili 2011, saa tano asubuhi, barafu iling'oa kile kipimo. Namba zikaacha kuja. Alphéda alikuwa ameiagiza kompyuta ishike namba ya mwisho mpaka nyingine ifike, nayo ikaishika. Fidla ikaendelea kuimba ileile ya utulivu, na buluu ikatulia ukutani. Jirani yetu Onias Pelchat alikuwa ukumbini akipanga viti. Akasikia mto umetulia, akaendelea na viti vyake. Saa tisa alasiri maji yalikuwa ndani ya zizi lake. Farasi wake wawili wazee wakafa humo.

Alphéda alimwendea kesho yake, kwa miguu, matope mpaka magotini.

"Onias, nimekudanganya."

"Si wewe, shemeji. Ni barafu."

"Barafu haikuimba. Nimeimba mimi."

Sauti ilizimwa siku tisa. Alipoiwasha tena, alikuwa ameweka sheria mpya: namba zisipofika kwa dakika ishirini, sauti ikome na mwanga uwe mweupe. Nyeupe haikuwa na maana ya salama, wala ya hatari. Maana yake ilikuwa "sijui." Fernande alimtania kwamba sasa ametengeneza mashine ya kunyamaza. Alphéda akajibu, "Nimeiga. Ninayo nyingine nyumbani, na imekaa mezani inakula." Onias ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi ukumbini kusikiliza.

Oktoba 2021 moyo wake ulianza kuchoka. Septemba 2023 aliwekewa kifaa kifuani cha kupeleka mapigo yake hospitali kwa mtandao, maili ishirini na sita kutoka hapa. Rachelle alimwekea baba yake namba hizo kwenye simu. Ovila akawa anaikodolea macho ile simu na haimwambii kitu. Alphéda akamnyang'anya.

"Lete hapa. Unataka nisikike vipi? Kinanda? Kengele?"

"Viazi."

"Viazi?"

"Kwenye kikapu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Miaka hamsini na minane," alisema, "na mtu bado yuko na kikapu!"

Alifanya kazi hiyo wiki tatu, akipumzika kila baada ya mistari michache. Aliweka spika juu ya kabati la vyombo, na pembeni yake taa ndogo ya manjano iliyong'aa na kufifia pamoja na mapigo yake. Sheria ilikuwa ileile, ila kwa moyo alitoa dakika mbili tu. Tangu siku hiyo, hata akiwa bandani anapasua kuni, mlango ukiwa wazi Ovila alimsikia mkewe.

Alilazwa tarehe 17 Januari. Jumanne tarehe 23, asubuhi, alimwambia mumewe, "Nenda nyumbani ukawashe jiko, mabomba yataganda. Na ule. Maharage yapo."

"Nitakusikia."

"Utanisikia."

Ovila alifika saa tatu, akawasha jiko, akabandika kikaango. Viazi vilikuwa vinaanguka bila mpango. Viwili, kimya, kimoja. Saa nne na dakika kumi havikuanguka tena. Dakika mbili baadaye taa ikawa nyeupe.

Theluji ilikuwa inaanguka, na theluji huku mara nyingi hukata mtandao. Ovila aliijua sheria. Nyeupe ni sijui. Hakupiga simu. Ilipolia alikuwa amekwisha vaa buti, akaiacha ilie. Aliendesha maili zile ishirini na sita nyuma ya gari la kuondoa theluji, na njia nzima, kwake, Alphéda hakuwa amefariki. Mlangoni muuguzi alimwambia, "Mzee Cyr, keti kwanza." Hakuketi. Akauliza saa aliyofariki. Akaambiwa saa nne na dakika kumi.

Kwa hiyo alikuwa amemsikia mpaka mwisho. Mashine haikuongeza hata kiazi kimoja.

Alphéda ameacha mume, Ovila. Binti, Rachelle, na mkwe, Gilman. Wajukuu wawili, Mireille na Anselme. Mdogo wake Fernande. Na jirani, Onias, ambaye leo anabeba jeneza upande wa kulia mbele. Chakula kipo ukumbini. Barafu iliondoka wiki tatu zilizopita, maji ni mengi, na fidla inaimba. Msikilizao, huo ni mto wa sasa.

Ovila hatakaa sana. Atarudi nyumbani mapema kuizima taa. Nyeupe ni sijui, naye amekwisha jua. Ameona shimo, ameshika udongo.

Mungu akupokee, Alphéda, upumzike mgongo. Husikiki tena. Kikapu kimejaa.