Saa Iliyosikilizwa Kama Mzinga

Ndani ya basi lililotoka Sikonge, Advera, abiria wa kiti cha nyuma, aliacha kumenya karanga ili asikilize vizuri. Mzee Zablon, mrina asali, alikuwa ameweka saa ya mkono ya jirani yake wa kiti sikioni, kama anavyosikiliza mzinga kabla ya kuufungua.

"Betri iko wapi?"

"Haina, mzee," alisema Issa, fundi cherehani anayekusanya saa zilizoundwa na mafundi wadogo. "Kaiunda mtu mmoja chumbani kwake, na bei yake haizidi ya baiskeli. Mkono ukitembea, inajitia ufunguo. Ukiivua siku mbili, inasimama."

"Basi ina uhai."

"Ni mashine tu, mzee."

Basi lilifika stendi ya Tabora. Abiria walishuka, mzee akabaki anaipembeza kama kichanga, isije ikasimama. Issa, mwenye mashine yake, hakuthubutu kuidai.